Heshima, stara na muhali: namna malezi ya Unguja na Pemba yanavyomjenga daktari anayejifunza

BintiWete (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nataka tuzungumze jambo ambalo katika miaka mitano ya kusomea udaktari na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini baada ya masomo, sikulisikia likitajwa darasani hata mara moja, ingawa naamini lilinijenga kuliko somo lolote nililofanyia mtihani. Kijana wa Unguja au Pemba haingii skuli ya udaktari akiwa mtupu. Anaingia akiwa amekwisha kufundwa na wazazi wake, na mwalimu wake wa chuo cha Kurani, na mtaa mzima, namna ya kumwamkia mkubwa, namna ya kusitiri aibu ya mwenzake, na namna ya kumwonea muhali jamaa anayeomba, yaani kuona haya kumkatalia. Koti jeupe huvaliwa juu ya malezi hayo, wala haliyavui.

Nianze na kisa changu mwenyewe, kwa sababu bila kisa hicho nisingekuwa na la kuandika. Nilikuwa mtarajali katika wodi ya watoto, nasi tulikuwa kwenye raundi ya asubuhi. Mtoto wa kilo 8 mwenye maambukizi makali alikuwa ameandikiwa gentamisini. Dozi tuliyofundishwa kwa mtoto wa umri ule ilikuwa miligramu 7.5 kwa kila kilo, yaani miligramu 60 kwa siku, lakini katika karatasi ya dawa paliandikwa 135, kwa kuwa uzito ulikuwa umesomwa kilo 18. Dawa hiyo ikizidi huumiza figo na masikio, na sikio likishaharibika kwa sababu yake kwa kawaida halirudi. Niliipiga hesabu kichwani mara tatu, nayo ikatoka vilevile mara zote tatu. Aliyeandika alikuwa daktari bingwa wa umri wa baba yangu, mtu aliyenifundisha kwa moyo mkunjufu, na aliyezungukwa wakati ule na wanafunzi wanane pamoja na mama wa mtoto. Nikanyamaza.

Muuguzi mkuu wa wodi, mama wa makamo ambaye alikuwa amefanya kazi pale tangu mimi sijazaliwa, akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akasema: "Daktari, kumradhi, macho yangu siku hizi si mazuri. Naomba unisomee uzito wa mtoto huyu, nisije nikakosea mimi." Bingwa akasoma. Akakaa kimya kidogo, akatoa kalamu, akaikata ile 135 na kuandika 60, kisha akasema, "Ahsante, mama." Raundi ikaendelea kitanda cha pili.

Kwa muda mrefu nilijieleza kwamba ni heshima iliyonifunga mdomo siku ile, na nikaanza kuiona heshima kama ugonjwa wa nchi yetu, jambo la kuachwa getini kama viatu vinavyoachwa mlangoni mwa msikiti. Nilikuwa nimekosea. Yule mama alikuwa na heshima kunishinda mimi, na heshima yake ndiyo iliyomfungua mdomo, kwa sababu aliona kuwa mkubwa wake anakaribia kuanguka mbele za watu na kwamba ni wajibu wake kumdaka kabla hajafika chini. Mimi nilikuwa nimejifunza nusu tu ya heshima, ile ya mtoto, ambayo ni kuinamisha macho. Nusu ya pili, ambayo ni ya mtu mzima, sikuwa nimefundishwa na mtu yeyote, si nyumbani wala skuli.

Wataalamu wa elimu ya udaktari wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ingawa kwa mifano ya kwao. Mwaka 1957 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, na wenzake walieleza kwamba skuli ya udaktari humpa mwanafunzi zaidi ya maarifa na ustadi: humfanya afikiri, atende na ahisi kama daktari. Mwaka 1994 Frederic Hafferty na Ronald Franks waliandika kuhusu mtaala uliofichika, yaani yale ambayo mwanafunzi hujifunza kwenye korido, kwenye chumba cha chai na katika sura ya mwalimu anapokosolewa, bila mtu yeyote kuyaandika katika ratiba. Nakubaliana nao kabisa, ila kwetu mtaala huo hauanzii hospitali. Unaanza pale mtoto wa miaka mitatu anapoambiwa, "Mwamkie bibi yako," na kuzuiwa kuingia ndani mpaka ameamkia.

Kuna jambo moja zaidi linalonigusa. Kiapo cha madaktari kilichoandikwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948, kinachoitwa Azimio la Geneva, kilimtaka daktari awape walimu wake heshima na shukrani wanazostahiki. Lilipopitiwa upya mwaka 2017, kifungu hicho kilipanuliwa, na sasa daktari anaahidi heshima na shukrani kwa walimu wake, kwa wenzake na kwa wanafunzi wake. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kwamba shikamoo yetu haikamiliki mpaka mkubwa ajibu marahaba. Mwalimu asiyejibu marahaba, ambaye huuliza swali ili kumdhalilisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa, amevunja mila zetu kabla hajavunja kiapo chochote.

BintiWete

Naendelea, maana suala la stara linahitaji nafasi yake.

Vitabu tulivyosomea upimaji wa tumbo vilirithi utaratibu wa Uingereza wa kumfunua mgonjwa kutoka kwenye chuchu hadi magotini. Ukilifanya hilo kwa bibi wa Micheweni aliyelala akiwa ameshikilia kanga yake kwa mikono yote miwili, utakuwa umempoteza kabla hujamgusa. Wenzangu wengi waligawanyika katika makundi mawili. Wapo waliofunua kwa haraka, kama mtu anayefunua sufuria, kwa sababu alama za mtihani zilikuwa zinahesabiwa. Na wapo, wengi wao wavulana wenye adabu sana, ambao waliona haya na kuishia kitovuni, kisha wakaandika katika faili kwamba tumbo zima limepimwa.

Kundi la pili ndilo linalonitisha zaidi. Mwanamke mtu mzima anayetapika na tumbo lake limejaa anaweza kuwa na ngiri ndogo iliyonasa kwenye kinena, juu kidogo ya paja, na utumbo ulionaswa hapo hufa kwa saa chache. Ngiri hiyo haionekani kwa daktari aliyeishia kitovuni. Kwa hiyo stara iliyoeleweka vibaya inaweza kumpeleka mtu kaburini, na aliyemwua ataondoka akidhani amemheshimu.

Aliyenionyesha njia alikuwa mwalimu kutoka Cuba, kwani kama wengi wenu mnavyojua, mafunzo ya udaktari hapa Zanzibar yalianza kwa ushirikiano na chuo kikuu cha tiba cha Matanzas. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Alimpa bibi pindo la kanga alishike mwenyewe, akamwonyesha kwa mkono sehemu anayotaka kuitazama, akasubiri bibi afunue, akapima, akasubiri afunike, akahamia sehemu inayofuata. Upimaji ulichukua dakika chache zaidi, na ulifika mpaka kinenani. Nilijiuliza ilikuwaje mtu wa mbali ajue jambo ambalo sisi tuliolelewa katika kanga hatukulifikiria, na jibu nililolipata ni kwamba sisi tulikuwa tumeambiwa, bila maneno, kwamba ya nyumbani hayana kazi wodini.

Lugha nayo inafanya vivyo hivyo. Tunasomeshwa kwa Kiingereza na tunatibu kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili mwanafunzi hujifunza kuwa watu wawili. Mwanamke anasema, "Daktari, nina chango," na mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza maumivu ya tumbo, akiridhika kwamba ametafsiri. Lakini chango kwa mwanamke mmoja ni maumivu ya hedhi, kwa mwengine ni kutoshika mimba, na kwa mwengine ni hofu kwamba mimba aliyonayo itaharibika kama ile ya kwanza. Mwaka 1978 Arthur Kleinman na wenzake huko Marekani walipendekeza daktari amwulize mgonjwa mwenyewe anadhani ugonjwa umeletwa na nini, kwa nini umeanza wakati ule ulipoanza, na kitu gani kinamtia hofu zaidi. Mwanafunzi wa Pemba anaweza kuuliza maswali hayo kwa lafudhi ya mama yake na akajibiwa kwa ukweli ambao mgeni angeutafuta mwaka mzima. Huo ni utajiri, nasi tunamfundisha kuuonea aibu. Nimemwona mwanafunzi akijifanya hajui maana ya degedege mbele ya mwalimu, ilhali amelelewa katika nyumba ambayo neno hilo likitajwa watu wote huinuka.

Jambo la mwisho kabla sijawasikiliza ni ridhaa. Lile Azimio la mwaka 2017 limeongeza ahadi ya kuheshimu uhuru wa mgonjwa kujiamulia. Tulifundishwa kwamba maana yake ni kumweleza mgonjwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Nilimfanyia hivyo bibi mmoja mwenye uvimbe kwenye titi, na kabla sijafika mbali aliniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia. Akataja jina la nyanya yangu, akatabasamu, kisha akasema, "Basi mwanangu, maneno hayo mwambie kijana wangu mkubwa. Mimi nitayasikia kwake." Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa nimefadhaika, nikidhani nimeshindwa kazi. Leo naona kwamba yule bibi aliamua mwenyewe, kwa akili timamu, nani apokee habari zake na kwa sauti ya nani. Kosa langu lilikuwa kutomwuliza mapema. Siku hizi nauliza siku ya kwanza, hata kipimo hakijachukuliwa: "Bibi, majibu yakitoka ungependa nimweleze nani?" Wapo wanaosema mume, wapo wanaosema dada, na wapo, tena si wachache, wanaosema, "Niambie mimi, na usimwambie mtu." Ukiwauliza watoto wao badala yao, hao wa mwisho hutawajua kamwe.

MuuguziMstaafu

Waalaykumu salaam, daktari mwanangu. Nimesoma yote, na yule muuguzi wako namfahamu ingawa simjui, kwa sababu nami nilikuwa yeye kwa zaidi ya miaka thelathini. Niruhusu nikwambie upande ambao hukuuona.

Kila mara niliposema "macho yangu mabovu" ilhali naona vizuri, nilijishusha mimi ili mwengine abaki juu. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mgonjwa na sijutii. Lakini kuna usiku ambao hakuna nafasi ya kumradhi. Mtoto anapokosa pumzi na daktari anatafuta mshipa wa dripu wakati kinachotakiwa ni kufungua njia ya hewa, nikianza kuomba radhi mtoto atakuwa ameondoka. Nilijifunza kupaza sauti, na nililipa: niliitwa mjeuri, na nikahamishwa wodi. Msiwafundishe vijana kwamba kila kosa lina njia ya upole ya kulisahihisha, kwa sababu siku watakapoikosa njia hiyo watanyamaza kama wewe ulivyonyamaza.

BintiWete

Shikamoo mzee wangu. Umenisahihisha, nami nakubali bila kujitetea. Niliisifu njia ya yule mama bila kuhesabu gharama yake, na gharama hiyo ameilipa yeye, si bingwa wala mimi.

Umenifanya nifikirie orodha ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008. Ina vipengele 19, na kimojawapo kinamtaka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla kisu hakijagusa ngozi. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vya waliopasuliwa vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nilipoisoma mara ya kwanza, kule kutajana majina niliona ni jambo la Wazungu wasiojuana. Sasa nadhani ina faida ya pekee kwa watu wa visiwani, ambao tunajuana kupita kiasi. Orodha inapomtaka muuguzi aulize, anauliza kwa amri ya kazi, na hakuna anayeweza kusema kwamba mtoto wa fulani amekosa adabu. Bingwa haanguki na muuguzi hajishushi. Laiti katika raundi ya wodi nasi tungekuwa na kipengele kama hicho, ambacho mtarajali wa mwisho kabisa analazimika kusoma uzito na dozi kwa sauti kabla ya kuondoka kitandani.

MganiKutokaMwanza

Mimi nimetoka bara, nafanya kazi Unguja mwaka wa tatu sasa. Nilipofika niliziona salamu za hapa kuwa ndefu mno kwa kliniki yenye wagonjwa sitini, na nikazifupisha. Siku moja mama mmoja aliyekuja na malalamiko ya kikohozi nilimwuliza umelalaje, kwa mazoea tu, naye akajibu kwa mazoea vilevile: "Alhamdulillah, nalala nimekaa." Ilikuwa sehemu ya salamu. Moyo wake ulikuwa unashindwa kazi, maji yalikuwa yanajaa kwenye mapafu kila alipolala chali, na asingelitaja jambo hilo kama ugonjwa kwa sababu alikwisha kulizoea. Tangu siku hiyo salamu nazihesabu kuwa sehemu ya kuchukua historia ya mgonjwa, na ninapowasimamia wanafunzi wa hapa huwasihi wasiziache kwa kunifuata mimi wa zamani.

MbweniMwakaWaNne

Dada, shikamoo. Uzi huu nimeusoma kwa machozi. Lakini hujaligusa lile linalotusumbua wengi wetu, nalo umelitaja kwenye kichwa cha habari: muhali. Sijawa daktari bado, na tayari nikiingia hospitali kwa mafunzo simu inalia. Mke wa ami, jirani, rafiki wa mama, wote wanataka niwapitishe mlango wa nyuma. Nikikataa, nyumbani naambiwa koti limenipanda kichwani. Nikikubali, nashindwa kuwatazama waliokaa kwenye benchi. Wewe ulifanyaje?

BintiWete

Marahaba, mdogo wangu. Nililikwepa kwa sababu sina jibu lililonyooka, lakini umeuliza na nitakueleza nilivyofanya.

Nilipokuwa mtarajali nilimpitisha shangazi yangu, dada wa baba, mbele ya foleni. Alikuwa na maumivu ya goti ya miaka mingi. Nilipomtoa ndani nilimkuta mzee mmoja kwenye benchi, aliyetoka Kojani kwa mashua tangu alfajiri akiwa na mjukuu wake mwenye homa. Alikuwa ameona kila kitu. Nilimsalimia kwa haya, naye aliniitikia vizuri, kwa upole, bila neno la lawama, na kwa kweli nilitamani angenitukana. Yule mjukuu alitibiwa na akapona, lakini alisubiri karibu saa nzima zaidi kwa ajili ya goti la shangazi yangu.

Muhali si aibu, wala usikubali mtu akwambie kwamba ni rushwa ya kistaarabu tu. Ni ile haya inayotufanya tusiweze kumkatalia mtu usoni, na ndiyo hiyohiyo iliyomfanya jirani yetu amlishe mama yangu alipokuwa mjane. Tatizo lake ni kwamba unamwona yule anayekuomba na humwoni yule anayelipia. Katika nyumba, anayelipia ni wewe mwenyewe, kwa mchele wako na muda wako. Hospitalini analipia mtu wa Kojani. Nilipolitambua hilo nilipata kitu cha kumwambia shangazi, kwa sababu yeye naye ni mtu wa haya, na asingekubali kula chakula cha mtoto wa mwenzake kama angejua ni cha nani.

Nilikwenda kwake jioni na kilo mbili za sukari, nikamweleza habari za yule mzee na mashua yake. Hakufurahi, na mwezi wa kwanza alinishitaki kwa mama mara mbili. Nilimwahidi kwamba akiwa na hali ya dharura, wale wanaopanga wagonjwa kwa uzito wa ugonjwa watamwingiza kabla yangu mimi kujua yupo, na akiwa na goti atakaa na wenzake. Siku hizi akija hukaa. Mimi hutoka mara moja kumwamkia na kumsogezea kiti chenye kivuli, naulizwa hali ya mume na watoto, najibu zote, kisha narudi ndani kwa mgonjwa ambaye zamu yake imefika.